Maoni ya Watu wa Bondeni

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kutoa sheria kabatini. Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, limesimama kwenye korido ya ofisi moja ya serikali pale Morogoro mjini, kitasa kimeng'oka na mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Humo ndimo zilimolala sheria ndogo zote: za ushuru wa mazao, za kufuga mbuzi mjini, za kukata miti, za kuuza pombe ya kienyeji saa za kazi. Mwananchi aliyetaka kujua kama anavunja sheria ilibidi kwanza akamatwe.

Soko huria lilikuwa limeshazoeleka. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, naye alikuwa amepunguzwa pamoja na wenzake, kiinua mgongo chake kikaishia kwenye bati na baiskeli. Duka la ushirika tulilokuwa tukipanga foleni ya sukari utotoni lilikuwa limegeuzwa intaneti kafe, na pale palipokuwa na magunia palikaa vijana wenye vipokea sauti masikioni. Kila mradi uliokuja mjini ulikuja na neno lake. Kulikuwa na ushirikishwaji, kulikuwa na utawala bora. Wangu ulikuwa wa uwazi.

Mpango ulikuwa hivi. Tungeandika sheria na rasimu zake kwenye tovuti, kila moja na ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa tungeacha nafasi ya watu kutoa maoni na kujibizana. Ofisi ilikuwa na kompyuta, ila ilikaa chumbani kwa mkubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyethubutu kukifunua. Kwa hiyo nilichapia kule kafe, karatasi zenye vumbi mapajani, feni ikizipeperusha kila inapogeuka upande wangu.

Niliiamini kazi ile kwa moyo wote. Nakumbuka mama mmoja muuza ndizi aliyekuja kafe na mwanawe, akachapiwa ukurasa wa ushuru, akaenda nao sokoni kumwonyesha mkusanya ushuru aliyekuwa akimtoza kwa tenga badala ya kwa mzigo. Siku hiyo nilitembea mjini kichwa kimenivimba. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakiandika, makarani walikuwa wakiandika, wenyeji wa Morogoro waliokuwa ughaibuni walikuwa wakiandika kwa hasira ya watu walioko mbali. Mmoja aliuliza chini ya sheria ya mbuzi kama kuna anayeuza beberu. Nikamwacha, kwa sababu hata yeye alikuwa mwananchi.

Halafu ikaja rasimu ya vyanzo vya maji.

Mwaka huo mabomba ya mjini yalikuwa yakikoroma tu. Watu walikesha na ndoo, na ukurasa wa rasimu ile ukapamba moto kuliko zote. Rasimu ilisema hakuna kulima kandokando ya vijito vya milimani, na ilitaja upana wa kuachwa, upana ambao pale Mgeta ungemeza mabonde mazima mazima. Watu wa mjini waliishangilia. Maji yetu yanaishia kwenye kabichi, waliandika. Wafukuzwe, waliandika wengine, tena kwa maneno ambayo nilikuwa nayapunguza makali kabla ya kuyaruhusu yaonekane.

Afisa aliyesimamia rasimu hiyo alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, anayeandika kwa kalamu ya risasi ili aweze kufuta. Ndiye aliyesema kwamba haiwezekani kupitisha jambo kwa maoni ya wanaokunywa maji tu. “Wanaolima hawana intaneti,” aliniambia. “Tuwafuate. Waseme, wewe uandike, uweke maneno yao palepale chini ya haya mengine. Au unaonaje, dada?” Nilimwambia ni wazo zuri sana, na lilikuwa zuri kweli. Nikamwambia pia kwamba huko ni nyumbani kwa mama yangu. Akafurahi, akasema basi tutapokelewa vizuri.

Lazima nieleze lile bonde. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Baba yangu, aliyekuja Morogoro kutafuta kazi ya kiwandani, alikuwa mgeni Mgeta mpaka uzee wake, lakini mimi sikuwa mgeni. Ukoo ulikuwa umempa mama kipande cha bonde kando ya kijito, udongo mweusi usiokauka hata kiangazi, na mama alipofariki mdogo wake akaendelea kukilima kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Alipanda liki, karoti, figili na koliflawa, vikapakiwa kwenye lori kwenda Dar. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kila likizo nilipanda kwa miguu kwenda kwa mama mdogo, nikarudi na tenga la mboga na kikohozi cha moshi wa jikoni kwake. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye rasimu. Nilikijua kila jiwe.

Tulikwenda kwa gari la ofisi mpaka barabara ilipoishia, tukamalizia kwa miguu. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa majani karibu na ofisi ya kijiji. Nilikuwa nimevaa fulana ya mradi, nyeupe, imeandikwa kifuani “Sheria ni Yako”. Nilisimama kulia kwa afisa nikiwa na faili. Mama mdogo alikuwa amekaa na wanawake wenzake kwenye mteremko, miguu ameinyoosha, kanga mpya begani. Aliponiona alitabasamu kidogo na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyemwona mwanawe kwenye gwaride.

Afisa alisoma rasimu yote, pole pole, akaeleza kila kifungu. Hakuficha kitu. Alisema bonde litaachwa. Kisha akauliza wananchi wana maoni gani.

Mama mdogo akainuka, akajifunga kanga.

“Tumesikia,” alisema. “Mgeni wetu ametusomea vizuri, hakutuficha, tunamshukuru. Na aliyemleta ni mtoto wetu. Tumekubali.”

Wakapiga makofi. Mzee mmoja akainuka baada yake akasema naye amekubali, na mwingine, na mwingine. Afisa akauliza kama kuna mwenye swali. Mzee wa tatu akauliza barabara itatengenezwa lini. Nikaandika. Mkono wangu ulikwenda vizuri kabisa.

Baadaye wakamkaribisha afisa ugali na maharage, wakampa na koliflawa ya kumpelekea mkewe, halafu mama mdogo akaniambia, “Msindikize mgeni.” Mimi nilikuwa nalala huko, nirudi kesho yake na lori la mboga. Nikamsindikiza mpaka garini. Ni mwendo mrefu wa kuteremka, njia nyembamba, mmoja mbele na mwingine nyuma. Aliniuliza habari za baba, nikamweleza. Akanieleza ugonjwa wa mwanawe. Tulipokaribia gari akasimama, akageuka.

“Dada,” alisema, “kweli wamekubali kirahisi namna hii? Mimi ningekuwa na shamba lile nisingekubali.”

Swali lile nimeshalijibu mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa napika, nikiwa kwenye basi, nikiwa nimelala. Siku ile nililijibu hivi: “Watu wa huku ni waelewa.”

Nilisema kwa majivuno. Nilitaka awaone watu wa mama yangu kuwa ni watu wa kisasa, si wale wa kwenye maoni ya mjini. Na pia, niseme yote, nilitaka kazi yangu ionekane imefanikiwa, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha na yeye ndiye angenipendekeza. Vyote viwili vilikuwemo. Alinitazama kidogo, akaingia garini.

Nilimkuta mama mdogo kwenye kijito, anaosha liki za kupakia kesho yake. Nikavua viatu, nikaingia majini kumsaidia. Maji ya Mgeta ni baridi ya kuuma mifupa. Tukaosha kwa muda, anasugua mizizi, mimi nafunga mafungu kwa kamba za mgomba, mpaka akauliza bila kuinua macho.

“Amesemaje?”

“Nani?”

“Mgeni. Ulipomwambia.”

“Nilipomwambia nini, mama?”

Hapo akainua macho. Alinitazama kwa subira, jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikikosea njia ya kwenda kisimani. Akaacha ile liki ielee.

“Kwani hukumwambia kitu njiani?”

Akaanza kunieleza, taratibu, jambo ambalo nadhani aliona aibu kulieleza kwa mtu mzima. Mgeni akija na neno lake mnamwitikia hapo alipo. Hamumkatalii mbele ya watu, hasa akiwa ameletwa na mtoto wa nyumbani, maana mkimkataa yeye mmemwaibisha na mtoto. Mnamlisha, mnampa cha kubeba. Halafu yule anayemsindikiza ndiye anayemwambia, njiani, wawili tu, kwamba bwana, lile neno lako lina uzito, wazee wanaona hivi na hivi. Mgeni akifika kwake anakuwa ameshajua, na hakuna aliyeaibika.

“Ndiyo maana nikakwambia umsindikize,” alisema. “Nilikuitikia wewe, mwanangu. Majibu ya karatasi yake nilikuachia wewe umpe njiani.”

Nikamwuliza ningemwambia nini. Akasema nilikuwa najua. Wangeomba upana upunguzwe, kwa kuwa kwa upana ule lisingebaki hata tuta moja. Wangeomba waachwe wavune kilichomo. Wangeuliza kama mwenye bonde atapewa kipande kingine. Hakukuwa na ajabu ndani yake. Yalikuwa ni maombi matatu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyaomba, na afisa mwenye kalamu ya risasi alikuwa amesimama njiani akinisubiri niyaseme.

Je, sikuijua desturi ile? Nimejitetea sana hapo. Nililelewa mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako mtu akikataa anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Lakini likizo zote zile nilikuwa nimeona wageni wakisindikizwa. Nilikuwa nimeona watu wakirudi na kusema, “Nimemwambia.” Nilijua vya kutosha. Siku ile nilikuwa nimevaa fulana, nikamsindikiza afisa kama mfanyakazi mwenzake.

“Nitarekebisha,” nilimwambia mama mdogo. “Bado sijayaweka maneno yenu kwenye mtandao. Nitaandika kwamba hamkukubali.”

“Hapana,” alisema haraka, na kwa mara ya kwanza sauti ikapanda. “Usitufanye watu wa maneno mawili. Nimesimama mbele ya watu nimesema tumekubali. Ukiandika tumekataa, mgeni atasema alikula kwangu nikamdanganya. Neno langu uliache kama lilivyo.”

Tukamaliza kuosha. Tukabeba matenga kwenda barabarani, yeye mbele, na hakunisema tena, wala siku ile wala baadaye. Angenigombeza ningeshukuru.

Nilirudi mjini na lori, nimekaa juu ya magunia ya karoti, na siku iliyofuata nikaenda kafe. Niliikalia ile kompyuta mpaka mwenye kafe akaniuliza kama mashine imekufa. Nilijiambia kwamba nimekatazwa kugusa maneno yao, na mtoto humtii mzazi. Nilijiambia kwamba mradi wetu ni wa uwazi, kwamba kuandika kilichosemwa ndiyo uwazi wenyewe. Roho ilinisuta tangu neno la kwanza. Niliona jinsi utii wangu ulivyokuwa mwepesi siku ambayo ulikuwa na faida kwangu. Nikachapa: Watu wa bondeni, katika mkutano wa hadhara, wameisikia rasimu na wameikubali. Nikabonyeza.

Ule moto wa mjini ukazimika mara moja. Wenyewe wamekubali, aliandika mtu, sisi tunabishana nini. Mwingine, ambaye juma moja kabla alikuwa ametaka wafukuzwe, aliwasifu wakulima wa Mgeta kwa uzalendo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kuna aliyewauliza watakula nini. Hakuna aliyemjibu, na mimi, niliyekuwa na jibu, nilimsoma nikampita.

Sheria ikapita. Nikaagizwa kufunga mjadala, nikaufunga. Nilikwenda kwenye mipangilio nikabadilisha neno moja, na lile dirisha la kuandikia likatoweka, pakabaki mstari unaosema mjadala huu umefungwa, ahsanteni kwa ushirikiano. Mkataba wangu ukaongezwa. Kwenye semina moja walionyesha ukurasa wetu ukutani kwa projekta, kama mfano wa wananchi kushirikishwa hadi ngazi ya chini, na nilipoambiwa nisimame nikasimama.

Mgambo walipopanda kuweka vigingi walikuta mama mdogo ameshang'oa liki zake zote, nyingine nyembamba kama vidole. Hakutaka iandikwe kwamba alifukuzwa. Miti ikapandwa. Sijui kama maji yaliongezeka mjini. Pengine yaliongezeka, sikatai, na siandiki haya kusema kwamba kijito hakikustahili miti. Mabomba ya mtaani kwetu yaliendelea kukoroma kama zamani. Yeye akakodi kipande mgongoni mwa mlima, mahali pa mawe na upepo, pakamshinda kwa kubeba maji. Akaanza kulima kibarua kwenye mashamba ya watu aliokuwa akiwagawia mbegu. Nilikuwa nampelekea unga na sabuni kila nilipopata, akipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa dhati, na nilikuwa nikirudi mjini nikiwa nimechoka kuliko kama ningebeba mizigo mwezi mzima.

Alikuja mjini miaka michache baadaye kutibiwa macho. Daktari alipomaliza, alisema kabla hajapanda gari anataka kupaona ninapofanyia kazi. Nikasema ni ofisi tu. Akasema si ofisi, anataka kuona pale nilipoandika maneno yao. Nilijaribu kumwambia macho yake yapumzike. Akaniangalia na lile jicho lisilofungwa bandeji, nikampeleka kafe.

Tulikaa kwenye benchi moja mbele ya mashine. Mama mdogo ni wa kizazi kilichofundishwa kusoma jioni, wakiwa watu wazima, chini ya taa ya chemli, na anasoma kwa kidole. Aliweka kidole kwenye kioo. Alisoma maoni ya mjini yote, moja baada ya jingine, bila kuruka, pamoja na yale ya kufukuzwa, ambayo hata baada ya mimi kuyapunguza makali yalikuwa bado makali. Sikuwa na ujasiri wa kuyapitisha haraka. Alifika kwenye mstari wetu. Akausoma kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa kukubali.

“Sawa,” alisema. “Ndivyo nilivyosema.”

Nikapumua. Kidole kikaendelea kushuka, kwenye sifa za uzalendo, kwenye swali la mwanafunzi, mpaka kwenye mstari wa kufungwa. Akarudi juu, akashuka tena. Nikadhani amepoteza mahali.

“Unatafuta nini, mama?”

“Lako.”

“Langu lipi?”

“Neno lako. Hapa wameandika watu ambao hawakijui hata kile kijito. Mimi nilishasema, nikafunga mdomo, sikuwa na namna ya kurudi nyuma. Lakini wewe hukusema kitu pale uwanjani. Na bonde ni lako kama langu, ni la mama yako. Nilijua mtoto mwenye shamba ataandika.” Akakitoa kidole kwenye kioo. “Nikangoja. Nilichelewa kung'oa zile liki kwa sababu yako.”

Mwenye kafe alipita akauliza kama tumemaliza. Mama mdogo akamjibu kwa upole kwamba tumemaliza, akainuka, akajifunga kanga. Nilibaki kwenye benchi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kukatazwa kwake miaka yote ile, na alikuwa amenikataza kugusa neno lake tu.